Kiti Pembeni mwa Moto

"Umeuzima!"

Delia alisimama mlangoni na mtungi wa maziwa mkononi, akiyatazama meko yakifuka mvuke kama mzee aliyemwagiwa maji usingizini. Malachy, mtoto wa marehemu mumewe, alikuwa bado ameshika ndoo tupu.

"Nimeuzima, mama. Baba alikuachia nini? Chumba cha magharibi, malisho ya ng'ombe mmoja, na kiti pembeni mwa moto, mpaka ufe. Haya, moto uko wapi? Hakuna moto, hakuna kiti. Mnunuzi anakuja saa nane, na anataka nyumba tupu."

"Na chumba changu je?"

"Chako. Ila mlango wake unapitia jikoni kwangu. Labda uote mbawa."

Moto ule ulikuwa haujazimika tangu bibi yake Malachy alipoingia humo akiwa bibi harusi. Kila usiku ulifunikwa majivu, kila asubuhi ukafukuliwa. Huko kijijini Ballinree, mtu akizima moto wa kwao, majirani humwona kama amezika mtu akiwa hai.

Ardhi ilikuwa ya Malachy. Paa la Malachy, hata jiwe alilolikanyaga Delia. Yeye alikuwa na pumzi zake tu, na haki iliyofungwa kwenye pumzi hizo.

Akatua maziwa, akabeba chungu cha chuma, akatoka.

"Unakwenda wapi na chungu?"

"Kuomba chumvi."

Hakwenda kuomba chumvi. Alishuka mlima hadi kwa Sabina, dada mkubwa wa Malachy. Siku alipoolewa, Sabina alichukua makaa kutoka meko ya baba yake, kama ilivyo desturi, akawashia moto wa nyumba yake mpya. Nao haukuzimika hadi leo.

Aliposikia habari, Sabina alicheka hadi akashika mbavu. "Malachy kamwagia moto wa bibi? Mama, tangu utoto kumwagia vitu maji ndiyo kazi yake. Liulize godoro lake!"

Wakajaza chungu makaa mekundu, wakapanda mlima wakipokezana.

Saa nane mnunuzi aliingia, Bwana Costello, tumbo mbele na viatu bado safi. Nyuma yake wakili Tiernan, na nyuma yao Malachy, aliyekuwa amekwenda kuwapokea barabarani. Jikoni moto ulikuwa ukiruka. Sabina alikuwa akimimina chai. Delia alikuwa kitini, miguu kaielekeza motoni, sketi kaipandisha magotini bila haya.

"Na huyu nani?" akauliza Costello.

"Anaondoka," akasema Malachy, uso umemganda kama maziwa yaliyolala.

"Siondoki, baba. Mimi nimo humu kama bomba la moshi."

Wakili akakohoa. "Malachy atakuuzia alicho nacho, bwana. Nyumba ni yake, lakini maisha ya mama huyu yamo ndani yake. Ukinunua leo, unanunua naye akiwa kitini. Na aliyepewa chumba, kapewa na njia ya kukifikia."

"Hata moto ukizimwa?" Malachy akadakia.

"Hata paa ling'oke. Nani kakwambia baba yako aliupa moto kiti? Alimpa mkewe."

Costello akamkagua Delia kama anayekagua meno ya punda. "Una umri gani, mama?"

"Sabini na kidogo. Bibi yangu alifika tisini na tisa, akafa kwa kuanguka kutoka juu ya mti."

"Juu ya mti alikuwa akifanya nini?"

"Akila tufaha."

Costello akatafuta kofia yake. Ilikuwa kichwani.

Gari lilipoondoka na wakili na mnunuzi, mvua ikaanza. Sabina akarudi kwake akiimba. Malachy alibaki kizingitini, nusu nje, maji yakimtiririka shingoni.

Delia hakugeuka. Alichochea makaa, yakatoa cheche. Kisha, kwa kidole cha mguu, akakisukuma kigoda kitupu hatua moja karibu na moto.