Jiko Langu

Kaka yangu alinifukuza bendi mbele ya watu. "Beba jiko lako uende," alisema, akiicheka amplifaya ya gitaa langu, ile ya kizamani yenye valvu za kioo zinazowaka kama taa, kwa kuwa ni nzito na hupata moto.

Leo bendi yake na bendi yangu mpya zimekutana ukumbi mmoja. Nikapiga ule wimbo wangu alionipora. Nilipogusa nyuzi taratibu, sauti ilitoka laini, ukumbi ukanyamaza. Nilipozichapa, amplifaya ileile ikanguruma, watu wakaparamia viti.

Zamu yake ilipofika, amplifaya yake mpya ikalia kama redio ya simu. Akanijia kwa upole.

"Mdogo wangu, niazime basi amplifaya."

"Amplifaya gani, kaka? Hili ni jiko," nikasema, nikichomoa waya. "Na mimi nimeshapika."