Triko la Njano

Wilfried alivunjika mguu mkewe akiwa na mimba ya miezi saba, na kwa wiki mbili za kwanza alilala chali akihesabu misumari ya mabati. Alikuwa motari, mtu wa kubeba abiria na mizigo kwa pikipiki kati ya miji ya Baraka na Misisi, na mashimo ya barabara ile ndiyo yaliyomwangusha. Daktari alisema mfupa umekaa vizuri, lakini plasta haitatoka kabla ya miezi miwili.

Mguu haukumsumbua sana. Kilichomsumbua ni furaha. Yeye na Solange walikuwa wameoana miaka saba, na hii ilikuwa mimba yao ya kwanza. Kila asubuhi Solange alitoka kwenda kufundisha, tumbo limemtangulia, na Wilfried alibaki nyumbani na furaha asiyojua pa kuiweka. Kuchota maji hawezi. Kupasua kuni hawezi. Hata kusimama kwenye kiti apake chokaa ukuta wa chumba, hawezi.

Jirani yao, Mama Gatesi, alikuwa mjane aliyeshuka kutoka milimani, kule ambako baridi huwauma ng'ombe na watu pia, na karibu kila mama hujua kufuma. Asubuhi alikuja kukaa barazani kwa Wilfried ili mgonjwa asikae peke yake, na kila alipokuja mkononi alikuwa na uzi wa sufu na kroshe, kile kijiti cha chuma chenye ncha iliyopinda kama ndoana. Wilfried alizoea kuutazama mkono wake. Siku moja akauliza:

"Mama, hiyo kazi iko nguvu kujifunza?"

"Vidole yako yote iko mizima?"

"Yote."

"Basi sogea hapa."

Kipande chake cha kwanza kilijikunja kama jani lililopigwa na jua. Cha pili kilianza na vitanzi ishirini kikamalizikia kumi na tatu, na hakuna aliyejua vile saba vilikwenda wapi. Motari wenzake walipopita na kupiga honi, alificha uzi chini ya shuka, halafu akapoteza hesabu akaanza upya. Lakini siku ya tisa Mama Gatesi alikikagua kipande chake mbele na nyuma, akakivuta, hakikulegea. Alitoa kwenye mfuko wake mabunda mawili ya uzi wa njano.

"Sasa fanya ya mutoto," alisema.

Solange alimkuta jioni hiyo na mgongo wa triko, kile kisweta cha mtoto, umefika nusu. Alicheka mpaka akakaa chini mlangoni. Kisha akakichukua kile kipande kidogo, akakitandaza juu ya tumbo lake, na hakucheka tena.

"Ataenea humu kweli?" aliuliza.

"Mama Gatesi anasema ataenea. Alipima na mukono yake."

"Mama yangu akikuja, usimuambie. Mi sijue atasema nini."

Wilfried alimwelewa. Mama Marthe, mkwewe, aliishi Kilembwe, mama wa shamba ambaye hakuwahi kumwona mwanaume ameshika uzi isipokuwa wa kushonea wavu. Tena mkwe ni mkwe. Wilfried hata kula mbele yake alikuwa hathubutu.

Mama Marthe alifika ikiwa imebaki wiki moja Solange ajifungue, na gunia la unga wa muhogo na kuku wawili. Siku ya kwanza tu akaliona triko kwenye kapu, likiwa na mgongo, mikono miwili na upande mmoja wa kifua.

"Nani iko anafumia mutoto?"

"Jirani, Mama Gatesi," alijibu Solange bila kumtazama.

Mama Marthe alipitisha kidole kwenye mstari wa vitanzi. "Huyo mama anajua kazi. Angalia, yote iko sawasawa."

Nyuma ya pazia, Wilfried alijiziba mdomo kwa kiganja. Hakuna abiria aliyewahi kumsifu hivyo.

Jumamosi, jua lilipochomoza tu, uchungu ukaanza. Mama Gatesi aliita pikipiki mbili. Solange na mama yake wakapanda moja, Wilfried na magongo yake nyingine, kapu kifuani. Kwenye kituo cha afya, mkunga alimwingiza Solange ndani na kufunga mlango. Nje, kwenye benchi, wakabaki wawili: Wilfried huku, mkwe kule, na nafasi ya watu watatu katikati yao.

Saa tatu zikapita. Wilfried aliutazama mlango, akautazama tena. Magoti yalitaka kutembea na plasta ilikataa. Upande wa pili wa kifua ulikuwa umebakiza mistari minne. Mwishowe mikono yake yenyewe ikaingia kwenye kapu, ikatoa kroshe na uzi, na akaanza. Hakumtazama mtu. Alisikia tu kwamba mazungumzo ya wamama waliokuwa wakingojea wagonjwa wao uani yamekoma.

"Kumbe ni we," alisema Mama Marthe.

"Ni mi, mama."

Kutoka ndani Solange alilia, sauti ndefu, na vidole vya Wilfried vikaenda mbio kuliko siku zote. Alimaliza mstari wa mwisho, akafunga uzi, akaunganisha upande ule na mgongo, akalinyanyua triko kwa mikono miwili. Mama Marthe alisogea mpaka nafasi ile ya katikati ikaisha.

"Mukwe wangu," alisema polepole, "vifungo utaweka wapi?"

Wilfried akaangalia. Upande wa kulia, matundu matano mazuri. Upande wa kushoto, matundu matano mazuri vilevile. "Nitafumua," alisema.

"Utafumua nini na mutoto iko njiani? Leta sindano na vile vifungo kwenye kapu." Tayari mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. "Tunashona kifungo juu ya tundu. Nani atainua aangalie chini?"

Wakashona pamoja, yeye juu, Wilfried chini, vichwa vikikaribiana. Walikuwa kwenye kifungo cha nne sauti nyembamba ilipopasua asubuhi. Wote wawili wakasimama. Gongo moja likaanguka sakafuni, hakuna aliyeliokota.

Mlango ukafunguliwa. "Musichana," alisema mkunga. "Mama yake iko muzima. Leteni nguo."

Mama Marthe alikata uzi kwa meno, na kifungo cha tano akakitia mfukoni. Aliingia wa kwanza, lakini alipopokea mtoto hakumvika. Alimlaza kando ya Solange, akamgeukia mkwewe.

"Kuja, umuvalishe mwenyewe."

Wilfried aliketi ukingoni mwa kitanda. Solange, uso umelowa jasho, alimtazama akiingiza vidole vyake vinene kwenye mkono wa triko kutoka upande wa nje, akitafuta kile kiganja kidogo ndani ya uzi wa njano. Alikigusa. Kikamshika kidole kimoja na kukikaza, na Wilfried akaanza kuvuta taratibu, akicheka, mpaka ngumi ya binti yake ikatokea.