Vitabu vya Wageni

Nyumbani kwa Papa Hubert kuna sahani ambazo watoto wake wamekua bila kuzigusa. Ni sahani za wageni. Sina ugomvi nazo. Hata mimi ninazo, na mama yangu alikuwa nazo. Lakini mtu akichukua akili ya sahani akaipeleka kwenye vitabu vya watoto, hapo nachemka. Nachemka mpaka leo.

Kila mwaka ziwa letu linafungwa miezi mitatu ili samaki wazaane. Wavuvi waliotoka upande wa Fizi wanakuja Kalemie mjini na familia zao kusubiri. Watoto wao huhama na nyavu kutoka kambi hadi kambi, na miezi hiyo ndiyo nafasi yao pekee ya kukaa mahali pamoja wakafundishwa. Basi tukapatana: parokia itoe chumba, shirika moja la nje lilete vitabu vya Kiswahili, kamati ya mtaa ivitunze, nasi akina mama tufundishe. Mimi nauza dagaa, lakini sekondari nilimaliza, na ziwa likifungwa sina cha kuuza. Nilikubali kwa moyo mmoja.

Vitabu vikafika. Tulivibeba wenyewe kichwani kutoka bandarini. Papa Hubert, mstaafu wa reli na mwenyekiti wa kamati, akavipanga ndani ya kabati la vioo, akapiga kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

"Tungoje kwanza wageni wa shirika," akasema. "Wao njo wanapashwa kufungua. Tutakata utepe, tutapiga picha."

"Wanafika lini?"

"Wiki ijayo, Mama Claudine."

Wiki ijayo yake haikuisha. Mara ndege haikuruka, mara mkubwa wao yuko mkutanoni. Nikafundisha kwa chaki sakafuni, ba be bi bo bu, na vitabu viko pale pale nyuma ya kioo, vipya, vinanukia harufu ya dukani.

Abigaël, binti wa Papa Casimir mwenye mtumbwi wa injini, alikuja akiwa hajui hata herufi moja ya jina lake. Alishika haraka kuliko wote. Somo likiisha, anabandika paji la uso kwenye kioo na kusoma majina yaliyoandikwa migongoni mwa vitabu. Aliyasoma yote mpaka yakaisha.

"Mama Claudine, leo watafungua?"

"Muulize Papa Hubert."

Alimwuliza. Papa Hubert akamfukuza, eti anachafua kioo kwa jasho lake. Kioo! Nilitamani kumtukana mzee mzima mbele ya watoto.

Kisha ziwa likafunguliwa. Asubuhi hiyo Papa Casimir alikuwa anapakia nyavu kwenda kambi ya Zongwe, na Abigaël akaja kuniaga.

"Sasa kule miye nitasoma nini, Mama?"

Kambini hakuna maandishi ila kwenye pakiti ya chumvi. Nilijua akirudi mwakani tutaanza tena na ba be bi bo bu, kama hakuwahi kufundishwa.

Nikaenda kwa Papa Hubert. Nilimkuta uani anakunywa chai.

"Papa, nipatie ufunguo. Watoto wanaondoka."

"Na wageni wanafika siku ya nne! Wakute kabati wazi? Unataka kunihaibisha?"

"Vitabu njo vya hawa watoto!"

"Watarudi."

Watarudi! Alisema hivyo huku anachovya mkate. Nilirudi parokiani, nikachukua jiwe linalowekwa mlangoni ili mlango usijifunge, nikalipiga kwenye kioo. Akina mama wenzangu wakakimbilia mlio huo. Tulijaza vitabu kwenye mabeseni yetu ya dagaa na kushuka ufukweni mbio, Papa Hubert, aliyekuwa amenifuata, nyuma yetu anapiga kelele kwamba tu wezi. Kila mtoto aliyekuwa anapanda mtumbwi alipewa kitabu. Abigaël nilimpa kile kinene kuliko vyote.

Siku hiyo ya nne, Alhamisi, wageni walikata utepe mbele ya kabati tupu. Kwa ajili ya picha, kamati iliazima wanafunzi wa shule ya jirani, wamevaa yunifomu safi. Mimi sikualikwa, na Papa Hubert aliacha kunisalimia.

Mwaka uliofuata likaja sanduku jipya la vitabu. Papa Hubert akatia kioo kipya na kufuli kubwa zaidi. Ziwa likafungwa, watoto wakarudi na vitabu vyao. Vilikuwa vimevimba kwa maji, vinanuka samaki, vingine vimefungwa kwa vipande vya wavu. Papa Hubert akakishika cha Abigaël kwa ncha za vidole.

"Angalia! Si nilisema? Wameviharibu!"

Abigaël akakichukua mkononi mwa mzee, akakifungua katikati na kumsomea ukurasa mzima bila kukwama. Akageuza, akasoma wa pili. Mzee akasimama mdomo wazi.

"Nilikisoma mpaka nikakimaliza, nikarudia, nikarudia," Abigaël akasema. "Papa, nipatie kingine."

Papa Hubert akaangalia kabati, akaniangalia mimi.

"Wageni wanafika wiki ija..."

Nikainama mlangoni, penye lile jiwe.

"Acha hilo jibwe, Mama Claudine!" akasema, akaingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa humo humo.