Mama Pindo Anaitika

Mama Pindo alikuwa akishona sketi ya shule, pini zimemjaa mdomoni, alipoitwa. Akazitoa pini, akasema, "Abee," akazirudisha, akaendelea kukanyaga cherehani.

Mkaza mwanawe, aliyekuwa akimenya viazi kizingitini, alichungulia uani. Hapakuwa na mtu. Akauliza nani kamwita. Mama Pindo akamwambia ni Mungu, kwa sauti ile ile ambayo angesema ni muuza mkaa.

"Anataka nini?"

"Hajasema. Anaita tu."

Basi ikawa hivyo kila siku. Akiitwa anaitika, asipoitwa anashona. Mapindo yake yalinyooka kama kawaida, na wateja hawakulalamika.

Aliyelalamika ni mwanawe, mkaguzi wa mizani, ambaye kazi yake ni kupita madukani kuhakikisha kilo ni kilo. Yeye kitu kisichopimika kilimuwasha mwili. Alisema mtu anayeitikia hewa si wa kuachiwa mkasi. Cherehani iuzwe, mama ahamie chumba cha nyuma, apumzike. Mama Pindo alikitazama chumba cha nyuma, mlimokaa ndoo na mwavuli uliovunjika, akaona hata mwavuli haujapumzika vizuri.

Akamkumbusha mwanawe jinsi marehemu baba yake alivyokuwa akimwita mkewe kutoka chumbani, naye mke yuko jikoni, bila shida yoyote, basi tu.

"Baba alikuwepo," alisema mwana.

"Ningejuaje? Kulikuwa na ukuta."

"Si ulikwenda ukamwona?"

"Niliitika kwanza, mwanangu. Ningesubiri nimwone ndipo niitike, wewe usingezaliwa."

Mkaza mwana aliinamia viazi vyake, mabega yakamtikisika. Mwana hakucheka. Alitaka uthibitisho, na uthibitisho, alisema, uko kwa daktari wa masikio. Daktari akisema ni maradhi, cherehani inaondoka siku hiyo hiyo.

Wakaenda. Daktari alikuwa mtu mrefu aliyevaa tai, mwenye adabu. Alimvisha Mama Pindo vidude vya masikioni, akawasha mashine yake. Mama Pindo alipoitwa akaitika, lakini mstari wa mashine ulibaki umenyooka kama uzi wa bobini. Mwana akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Daktari akavitoa vile vidude, akainama, akatega sikio lake kwenye sikio la Mama Pindo, kama mtu anayesikiliza habari za jirani mlangoni. Akakaa hivyo kitambo. Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaitika.

"Naam."

Mle sikioni akajibiwa kwamba hakuitwa yeye, asubiri zamu yake. Daktari akashukuru, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa.

Mwana akamfuata kumuuliza maradhi ni gani.

"Hakuna maradhi," alisema daktari. "Mama anaitwa, anaitika. Angekuwa anaitwa haitiki, ningempa dawa."

"Mbona mashine haikuonyesha kitu?"

"Mashine haikuitwa."

Mwana akafikiri kidogo, akamshika daktari mkono kwa heshima, akasema yameisha. Walipokuwa wakirudi nyumbani Mama Pindo akamuuliza kama na yeye amesikia. Hakusikia. Akamuuliza kama ameona chochote cha kupima. Hakuona.

"Sasa umeaminije?"

"Daktari amesema, mama. Mtu kama yule ataanzaje kusema uongo?"

Mama Pindo alilazimika kuegemea ukuta wa nyumba ya watu mpaka kicheko kimpungue. Mwana akadhani ni uchovu, akambebea mkoba.

Cherehani ikabaki dirishani, na mwana akawa anawatangazia majirani kwamba mama yake anaitwa na Mungu, jambo hilo limethibitishwa. Majirani walisema hongera, wakaleta nguo za kupunguza.

Juma lililofuata, mwana akiwa anatoka kwenda kazini, Mama Pindo alimwambia suruali yake imechanika nyuma, avue amshonee. Mwana akasema hajahisi upepo wowote, na kwamba atamuuliza mwenzake ofisini kama ni kweli. Akatoka, akapita barabara nzima kifua mbele, akiamkia watu.

Mkaza mwana akaacha sufuria, akaja dirishani. Wakasimama wawili hao kumtazama anavyokwenda.

Hapo Mama Pindo akaitwa.

"Abee," aliitika, akifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Nipo. Na wewe unamwona?"