Majibu ya Mama Pasi

Kila asubuhi Mama Pasi alinyoosha mashuka mia mbili ya hospitali, na tangu uvimbe uanze kwenye nyonga alinyoosha akiwa ameegemea mguu mmoja. Zahanati waliuita jipu. Waliutumbua mara mbili, usaha haukutoka. "Jipu lako kaidi," tabibu akamwambia, akampa vidonge.

Daktari mpasuaji ndiye wa kwanza kuupapasa bila haraka.

"Hili si jipu, mama. Mwili wa uvimbe huu uko ndani ya nyonga, huku nje tunaona kisogo tu. Siwezi kuukata kabla sijaujua."

Akachukua kinyama kidogo, kikapelekwa maabara kuu. Huko mtu mmoja tu ndiye aliyejua kusoma nyama za namna hiyo, naye alikuwa na hadubini moja.

"Njoo Jumanne," karani wa hospitali akasema.

Jumanne majibu yalikuwa bado. Zikapita Jumanne thelathini. Uvimbe ukabana njia ya mkojo, figo zikachoka, na Mama Pasi akafa Jumamosi, akazikwa kesho yake.

Siku ya Jumanne alikuja hospitali, kwa kuwa kadi yake ilisema Jumanne. Mdogo wake alimkuta kwenye benchi, akampangusa udongo mabegani.

"Dada, si umeshakufa?"

"Nimekufa, ndiyo. Lakini majibu sijapewa."

Karani akamgongea kadi muhuri kama kawaida.

Mwezi wa tano baada ya mazishi, bahasha ikafika. Daktari akasoma: uvimbe adimu wa nyama laini, hukua polepole, hausambai, tiba yake ni kuutoa wote. Akavua miwani.

"Ungepona, mama."

"Basi nitoe huo uvimbe."

Upasuaji ulichukua saa nne. Daktari aliubandua uvimbe kwenye kibofu kwa ncha za vidole, maana kipande kikibaki huota tena. Mtaalamu wa usingizi, kwa kukosa mapigo ya kuhesabu, alisaidia kushika taa. Damu haikutoka hata tone. Uvimbe ulikuwa wa kilo tatu, laini kama sabuni iliyolala majini.

Mama Pasi akashuka kitandani, akasimama kwa miguu yote miwili. Mdogo wake, ambaye hakulia msibani, akalia hapo.

"Usilie. Sasa nitalala vizuri," dada yake akamwambia, akaenda makaburini kwa miguu. Hakuja tena.

Kifurushi kile cha maabara kilikuwa na bahasha kumi na nne, ya Mama Pasi ikiwa mojawapo. Daktari alisimama mlangoni, akaita majina kumi na matatu yaliyobaki, moja moja. Kumi na mmoja waliitika kutoka upande wa benchi walikoketi marehemu. Wawili tu walikuwa hai, tena vijana, na daktari akapendekeza waanze wao kupasuliwa.

Karani alikataa. Foleni ni foleni.

"Waliotangulia wametangulia," akasema, akawaandikia wale wawili tarehe ya mwaka kesho.