Siku Wakorea Walipopanda Ukuta

Walipotoka kuzika kwenye makaburi ya Rusimbi, wanawake wa Kasingirima waliukuta ufukwe wao umezungushiwa mabati. Asubuhi waliacha vichanja vya kuanikia vimejaa dagaa. Sasa dagaa walikuwa ndani, wenyewe nje, na geti limefungwa kwa mnyororo. Mtendaji wa kata, Feliksi, alikuwa nao makaburini. Alitoa rambirambi kwa niaba ya serikali, akaongea weee, kumbe huku nyuma misumari inagongwa. Mtu mzima hovyo!

Sasa Mtendaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya geti, mwavuli begani, akifuatilia mambo ya Korea Kusini kwenye simu.

"Shikamoo, Mtendaji," Leonia alisema. "Tufungulie tuwatoe dagaa. Wingu lile linakuja."

"Marahaba, mama. Eneo lina mwekezaji. Andikeni barua, tutaijadili."

"Dagaa watasubiri barua?"

Mtendaji alirudisha macho kwenye simu. Leonia alikuwa na kichanja kimoja tu. Dagaa aliyekauka nusu akinyeshewa huoza, na hao wakioza, nyumbani kwake hakuna kingine cha kushika.

Ella, binti wa Kirundi aliyeanika naye, alimvuta kanga. "Mama, njoo uone! Rais wa Korea katangaza amri ya kijeshi. Wanajeshi wako bungeni, na wabunge wanaruka ukuta waingie."

"Wabunge? Na suti zao?"

"Na suti zao! Na huyu mama, ona, kashika bunduki ya askari, anamuuliza kama haoni haya."

"Mawe! Mama yangu!" Leonia aliichukua simu. Akamtazama yule mama mara ya kwanza, akarudia.

Mtendaji naye alikuwa ameyaona hayo hayo. "Wale ndio wananchi!" alisema, akijipiga paja. "Mtu anasimama mbele ya bunduki kwa haki yake. Sisi huku tumelala mno."

Leonia akamtazama vizuri. Akamrudishia Ella simu, akavua kandambili, akakaza kanga kiunoni, akashika nguzo ya mabati, akapanda.

Tone la kwanza lilimpiga shingoni. Ufukwe ule una desturi yake: mvua ikija, aliye karibu na kichanja hukifunika, hata kiwe cha nani. Hata waliogombana asubuhi hufunikiana, matusi yakaendelea baadaye. Kutoka juu, Leonia alimwona mgambo Hamdani, aliyezaliwa ufukweni hapo hapo, amesimama ndani akilinda, karibu na kichanja cha Leonia. Turubai la bluu la mama huyo lilikuwa limekunjwa miguuni pa kijana.

"Hamdani mwanangu, funika! Mimi nitashuka, wewe funika tu!"

Hamdani akainama, akaliokota. Kisha akaangalia getini.

"Unashangaa nini?" Mtendaji alifoka. "Saruji ya mwekezaji inalowa!"

Hamdani akaenda nalo kwenye mifuko ya saruji.

Mgambo wengine wawili walimvuta Leonia kwa kanga. Bati likamchana kiganja. Wanawake wenzake walipiga kelele, wengine walilia, lakini hakuna hata mmoja aliyeshika nguzo ya pili. Ella peke yake alikuwa ameinua simu.

"Futa hiyo video," Mtendaji alimwambia taratibu. "Au nianze kukuuliza kibali cha kuishi nchini? Hapa siyo Korea."

Ella alizaliwa Ilagala, humu humu nchini. Akafuta.

Walimkalisha Leonia matopeni, kando ya kiti cha plastiki, wakingoja gari la polisi. Mvua ilimwagika kama imetumwa. Giza lilipoanza kuingia, Mtendaji akapiga ukelele wa furaha chini ya mwavuli wake.

"Wamepiga kura! Bunge limeikataa amri, wanajeshi wanaondoka!" Akainamisha simu ili Leonia naye aone. "Umewaona, mama? Wenzetu wanajua kudai haki."

Leonia hakuiangalia simu. Alikuwa akichungulia kwenye upenyo wa geti, ambako maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye vichanja, yakiondoka na dagaa mmoja mmoja kurudi ziwani. Hamdani alikuwa amelibana turubai vizuri, jiwe kila pembe, kama alivyofundishwa ufukweni pale tangu utotoni, na chini yake saruji ilikuwa kavu.