Ukuta Uliokula Waya

Asubuhi ya siku ambayo bintiye angefunguliwa bandeji za macho, mshonaji aliwasha kompyuta yake, akaiacha ikohoe na kunguruma kama ilivyozoea, kisha akaona kwenye kona ya kioo msalaba mdogo mwekundu juu ya picha ya waya. Aliizima, akaiwasha tena. Msalaba ulikuwa palepale.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, sanduku la kijivu lililokaa chini ya meza karibu na cherehani. Ofisi moja ilikuwa inaitupa, naye akaiomba. Haikujua intaneti ya hewani. Ilijua waya tu, na waya huo ulitoka kwenye tundu chini ya ukuta, na upande wa pili wa ukuta ilikuwa sebule ya mdogo wake wa kiume, ambako ruta, kisanduku kinachogawa intaneti, ilikaa juu ya kabati.

Ukuta ule ulijengwa baba yao alipofariki. Mdogo mtu alichukua sebule, baraza, dirisha la barabarani na mlango wa mbele. Dada mtu alipewa chumba cha nyuma, jiko na mlango wa kichochoroni, kwa maelezo kwamba mwanamke hahitaji baraza. Fundi mwashi alisimamisha tofali moja moja, ukuta mwembamba wa kawaida. Tangu siku hiyo mdogo mtu aliacha kumwamkia dada yake, na dada hakuwa mtu wa kumwanza mdogo wake salamu. Kwa kila salamu iliyokosekana ukuta uliongezeka unene, upana wa ukucha hivi, pande zote mbili. Mshonaji alishasogeza kitanda, kisha kabati, kisha akalitoa kabati kabisa. Huko sebuleni nako makochi yalikuwa yamebanana kama abiria. Hakuna aliyelalamika. Mwashi aliitwa mara moja kuutazama, akaugonga kwa kiganja na kusema ni mzima, una afya nzuri.

Mshonaji alimwita binti wa mdogo wake, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta. Fundi huyo aliishi upande wa pili wa ukuta, lakini kwa kuwa ukuta haukuwa na mlango, ilibidi azunguke mtaa mzima na kuingilia kichochoroni akiwa na mkoba wake begani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Imekufa."

"Imekufa au imezimia?"

"Wewe ndiye daktari wake. Mwanangu anafunguliwa macho leo, huko hospitali ya mbali, saa za wagonjwa kutazamwa. Ameomba uso wa kwanza kuuona uwe wangu. Nimeshaahidi, na muuguzi ameshaahidi, na hili sanduku linaniletea msalaba!"

Fundi alianza pale wanapoanzia mafundi wenye haraka, yaani mbali na tatizo. Alifungua sanduku, akapuliza vumbi, akatoa utando wa buibui na kifungo cha blauzi kilichopotea zamani. Alichomoa kadi ya mtandao, akaisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Aliwasha. Msalaba. Akaingia ndani ya mipangilio, akafuta anwani ya zamani, akaiamuru mashine iombe mpya. Mashine ikaomba na kuomba, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Tutumie simu yangu," alisema fundi. "Ila humu haishiki. Twende sebuleni kwa baba."

"Sebule ile siikanyagi mpaka nirudishiwe. Unajua."

"Basi tusimame barabarani."

"Na hiyo kamera yako yenye ufa? Juzi ulinipiga picha nikatoka na kovu kutoka paji hadi kidevu. Mwanangu afumbue macho amwone mama yake kapasuka?"

"Shangazi, kwa ukali wa maneno yako, mtu anaweza kuunganisha intaneti bila waya."

"Unganisha basi."

Fundi akapiga magoti nyuma ya sanduku kutazama taa mbili ndogo zilizo pembeni ya tundu la waya. Moja hutulia kijani, nyingine hupepesa. Zote zilikuwa zimelala. Akagusa plagi. Ilikuwa imening'inia mdomoni mwa tundu, haijaingia, na waya umenyooka na kukaza kama kamba ya kuanikia nguo.

"Shangazi, hapa niliacha waya wa ziada, duara zima, ungetosha kurukia kamba. Uko wapi?"

"Ukuta umekula."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akijikasirikia kidogo. Wiki ileile kwao walikuwa wamehamisha kochi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika upande mmoja. Angeanza na ukuta, angekuwa ameshamaliza.

Walisukuma meza pamoja na sanduku mpaka kati yake na ukuta ikabaki nafasi ya kiti tu. Plagi ikaingia, ikalia *tak*, na taa ya kijani ikaamka. Msalaba ukaondoka. Mshonaji alichana nywele, akavaa blauzi ya bluu ambayo bintiye aliifahamu tangu macho yake yangali yanaona, akaketi mgongo ukiwa karibu na ukuta kiasi cha kuhisi ubaridi wake.

Kwenye kioo kikatokea chumba cheupe, kitanda, na binti mwenye bandeji akiwa ameinua kidevu. Muuguzi alikuwa na mkasi mkononi.

"Mama upo?"

"Nipo, mwanangu. Nipo mbele yako hapa."

Wakati huohuo mdogo mtu alirudi kutoka kazini kwa chakula cha mchana. Viatu vyake vilisikika sebuleni, vikaja hadi ukutani na kusimama. Alikohoa, kama alivyokohoa kila siku. Dada yake akamsikia. Mmoja alingoja kuamkiwa, mwingine alingoja kuitwa. Lipu ikalia kama mkate mkavu unaovunjwa, ukuta ukaongeza unene wake wa siku, na taa ya kijani ikazimika.

Fundi alishika plagi. "Huku imekaa. Imechomoka kwa baba." Akalala kifudifudi, mdomo kwenye tundu. "Baba! Waya umetoka kwenye ruta. Urudishe!"

"Haufiki," sauti ikajibu kutoka mbali, kama ya mtu aliye ndani ya kisima.

"Sogeza ruta."

"Nayo waya wake wa umeme umefika mwisho."

"Basi ivute plagi na uishikilie kwa mkono."

"Nishikilie ili nani azungumze?"

"Unajua nani! Mkasi uko mkononi mwa muuguzi, baba."

Mshonaji akateremka kwenye kiti, akapiga magoti na blauzi yake nzuri, akaweka sikio kwenye tundu. Alikuwa mkubwa, na mkubwa hamwanzi mdogo, hata siku kama hiyo. Lakini alipumua, na pumzi yake ilipita kwenye tundu.

"Dada," ikasema sauti.

"Nipo."

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeishika?"

"Kwa ncha za vidole. Bado kidogo..."

Vumbi likadondoka kwenye tundu. Ukuta ulishusha pumzi na kurudi nyuma, upana wa ukucha mmoja, basi.

"Imeingia," alisema mdogo mtu. "Ila nikiachia itachomoka."

"Usiachie."

"Siachii."

Taa ikawaka. Muuguzi, ambaye alikuwa amengoja bila kuuliza, alikata bandeji ya mwisho na kuondoa pamba. Binti alifumbua macho, akayafumba, akayafumbua tena. Yalikuwa mekundu na yanatoka machozi. Alitazama kioo kwa muda mrefu, na mama yake hakuthubutu hata kupepesa.

"Mama," alisema, "mbona umezeeka hivyo?"

Mshonaji akacheka mpaka akalia, na fundi akalia mpaka akacheka. Kutoka kwenye tundu pia ikasikika sauti ya mtu anayevuta makamasi.

"Na hicho cheupe nyuma yako?"

"Ukuta."

"Kabati lilikuwa hapo."

"Ukuta umesogea, mwanangu."

"Aa." Binti akautazama, ukiwa miongoni mwa vitu vya kwanza alivyoviona duniani kwa mara ya pili. "Mjomba yuko wapi?"

"Ameshika waya."

"Ahsante, mjomba!"

"Hongera, mwanangu," tundu likajibu. "Ona taratibu. Usiyachoshe."

Walipokwisha kuagana, mshonaji hakuinuka mara moja. Alirudi chini kwenye tundu. Mwili wake ulikuwa mwepesi kama nguo iliyotolewa pini, na kwa wepesi huo akauliza bila ukali wowote:

"Mdogo wangu, na sebule ya baba?"

Upande wa pili mtu alikuwa anajinyoosha vidole vilivyokufa ganzi.

"Hayo tuyaache, dada. Leo ni siku ya furaha."

Ukuta ukaongezeka ukucha wake, kwa utulivu.

Mshonaji alilala mchana huo, jambo ambalo hakulifanya tangu bintiye aingizwe hospitali. Alilala chali, mdomo wazi, miguu ikigusa ukuta, na hakuota kitu.

Kesho yake fundi alizunguka mtaa akiwa na bunda la waya mpya. Aliupitisha tunduni, akaacha duara nene nyuma ya kompyuta na jingine nyuma ya ruta, akayafunga kwa vipande vya kitambaa alivyookota chini ya cherehani. Mshonaji alilitazama duara la upande wake.

"Mrefu hivyo? Utatosha mpaka lini?"

Fundi aliutazama ukuta, akaitazama meza, akaitazama nafasi iliyobaki kati ya meza na mlango wa kichochoroni.

"Mpaka chumba kiishe, shangazi."

Mshonaji akaona huo ni muda mrefu wa kutosha. Akavuta kiti, akaiwasha kompyuta, akangoja imalize kukohoa. Binti yake alikuwa amesema angepiga tena, amwone vizuri.